Kijana Apewe Usukani Lini?

Saa kumi na moja jioni, Kismayu, kusini mwa Somalia. Bajaji inatoka mtaa wa Alanley. Nyuma wamekaa abiria watatu. Wa nne amebanana na dereva kwenye kiti cha mbele, nusu ya mwili wake ikiwa nje. Dereva hajatimiza miaka 17. Abiria mmoja anateremka, anabofya simu yake na kujiendea zake, kwa kuwa nauli hulipwa kwa EVC Plus, fedha ya simu, na sarafu hazishikwi siku hizi. Kijana keshaondoa chombo. Mkono wa kulia unazungusha mafuta, wa kushoto umeinua simu, na macho yameshuka kuangalia kama ujumbe wa malipo umeingia. Sekunde tatu tu. Lakini kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde tatu ni mita 33, na mita zote hizo bajaji imezipita bila ya mtu kuitazama njia.

Mara nyingi hakuna kinachotokea. Siku kikitokea, mji mzima utakiita ajali. Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliopangwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Ukisema ajali, basi, umeshatoa nusu ya hukumu: aliyekufa siku yake ilikuwa imefika, na simu, na abiria wa nne, na umri wa dereva, vyote vinabaki pembeni kama mashahidi ambao hawakuitwa. Na wahenga wametuachia hata methali ya kufungia kesi: ajali haina kinga.

Ila Kiswahili hichohicho kina neno jingine la kutazama. Kile kinachoelekeza jahazi baharini na kile anachoshika dereva wa gari tunakiita kwa jina moja: usukani. Mpwani hakuona haja ya kuvitenga. Anayeshika usukani ndiye anayeulizwa chombo kimefikaje pale kilipofika. Kati ya maneno haya mawili ndipo linapokaa swali la usalama wa madereva vijana katika pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, watu wa pwani hiyo wanaosema Kiswahili.

Swali si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 barabara ndiyo muuaji wa kwanza, kabla ya maradhi yoyote. Afrika ina sehemu ndogo mno ya magari ya dunia, kama asilimia 3, lakini inabeba karibu moja ya tano ya vifo. Kwa hiyo wingi wa magari hautoshi kueleza msiba huu. Lazima tuulize ni nani anayeyaendesha, alifunzwa na nani, na anakimbilia wapi.

Shule iliyokuwa baharini

Visiwa vya Wabajuni vimepangana kando ya pwani kutoka Kismayu kushuka kusini: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na kuendelea hadi karibu na Ras Kamboni kwenye mpaka wa Kenya. Gari si chombo cha huko. Mtu hutembea kwa miguu mchangani, na safari ya mbali ni ya bahari. Hawa ndio watu wa mtepe, chombo kilichoshonwa ubao kwa ubao kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma, na ujuzi wa maji kwao ni urithi unaopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Hebu tuangalie urithi huo unavyopita. Mtoto anayepanda chombo kwa mara ya kwanza hapewi usukani. Anapewa upo, akae chini afue maji. Akizoea kutapika na kuacha, anapewa kamba: avute demani, ailegeze, ajifunze kutweka tanga na kulitua. Muda wote huo, mwaka baada ya mwaka, anamtazama mtu aliyekaa tezi. Siku ya kushikishwa usukani ikifika huwa ni mchana, kwenye upepo mwanana, karibu na nyumbani, na nahodha hajaondoka. Amekaa ubavuni, mkono wake hauko mbali. Kuupita mlango wa mwamba usiku, maji yakipwa na kusi likivuma, ni jambo la mwisho kabisa, na wapo mabaharia wazima wasioruhusiwa kulifanya.

Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Imetoka katika hesabu ya maiti. Bahari iliwafundisha watu wake kwamba ujuzi wa mikono hupatikana kwa wiki chache, lakini ujuzi wa kuona hatari kabla haijafika huchukua miaka. Ndiyo maana waligawa safari ya kuwa nahodha katika ngazi, na kila ngazi ikawa na hatari yake ndogo kuliko ile iliyo mbele.

Barabarani ngazi hizo hazipo. Kijana anaweza kujifunza bajaji kwa siku mbili tatu kwenye kiwanja kitupu, rafiki yake akimwonyesha gia na breki. Siku ya nne yuko kazini, amebeba roho za watu, na giza likiingia anawasha taa na kuendelea. Vyote ambavyo bahari ingempa kwa miaka minane, yaani abiria, usiku, mwendo na msongamano, barabara imempa kwa juma moja.

Kwa nini mji mwenye mabaharia hodari namna hii ukashindwa kuwa na mafunzo ya barabara? Sehemu kubwa ya jibu ni historia. Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, kilianguka pamoja nayo chochote kilichofanana na mtihani wa udereva. Kismayu ikapita mikononi mwa vikundi kadhaa vyenye silaha, al-Shabaab wakaishika mwaka 2008, na wakaondolewa na majeshi ya Kenya pamoja na wapiganaji wa Ras Kamboni kati ya Septemba na Oktoba 2012. Utawala wa jimbo la Jubaland ulianza mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, mtu alijifunza kuendesha kwa kuendesha. Kijana wa leo anafunzwa na baba au kaka ambaye naye hakuwahi kutahiniwa na mtu. Mnyororo wa ubaharia haukukatika kwa sababu ulikuwa mikononi mwa wazee. Mnyororo wa udereva ulikuwa mikononi mwa ofisi, na ofisi zilifungwa.

Dereva aliye upande wa mtaro

Juu ya upungufu wa mafunzo kuna kasoro nyingine ambayo wageni huiona siku ya kwanza na wenyeji wameshaizoea. Somalia huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi yaliyoko ni mitumba ya Kijapani inayopitia Dubai, na Japani ni nchi ya kuendesha kushoto. Usukani wake uko kulia. Matokeo yake, dereva wa Kismayu mwenye Surf, Vitz au Noah amekaa upande wa mtaro badala ya upande wa katikati ya njia.

Kwa dereva mzoefu huu ni usumbufu. Kwa kijana ni mtego. Akitaka kulipita lori lililo mbele hawezi kuchungulia. Lazima atoe karibu gari zima kwenye njia ya wanaokuja ndipo macho yake yafike. Hapo humtegemea aliyekaa kiti cha kushoto amwambie njia i wazi. Kama huyo ni rafiki wa rika lake anayecheka na simu, macho ya gari yamekabidhiwa mtu asiye na dhamana yoyote.

Tazama na mlango wa Noah ya zamani. Ina mlango mmoja wa nyuma wa kusukuma, nao uko kushoto. Japani upande huo ni wa kandokando, abiria anateremkia salama. Kismayu upande huohuo ni wa katikati ya barabara. Mtoto wa shule anayeruka kutoka kwenye Noah anatua pale hasa magari yanapopita. Hakuna aliyekosa adabu hapo, wala aliyelewa. Gari limetengenezwa kwa barabara nyingine.

Halafu kuna waliorudi kutoka Kenya. Tangu Desemba 2014, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wameondoka kambi za Dadaab na kurejea Somalia, na Kismayu imekuwa miongoni mwa vituo vyao vikubwa. Wengi ni vijana waliozaliwa Ifo, Dagahaley au Hagadera, na wapo Wabajuni waliokulia Lamu na Mombasa. Kenya ni nchi ya kushoto. Mtu aliyezoea Kenya, akitaka kuvuka njia, shingo yake hugeuka kulia kwanza bila ya yeye kufikiri. Kismayu gari la kwanza kumfikia linatokea kushoto. Aliyezaliwa Chovai, naye, hakuwahi kuhitaji kugeuza shingo upande wowote. Dereva mchanga na mwenda kwa miguu mgeni wanapokutana kwenye lami iliyofunikwa mchanga uliopeperushwa na upepo, kila mmoja anamtegemea mwenzake awe ndiye anayejua.

Hesabu ya jioni

Katika nchi tajiri, mazungumzo kuhusu madereva vijana huwa ni juu ya starehe: kijana amechukua gari la baba, amewapakia marafiki, wanakwenda matembezini. Nchi za Ghuba kuna vijana wanaotelezesha magari kwa makusudi mbele ya umati ili wapigiwe makofi. Kismayu mambo hayo hayakosekani kabisa; misafara ya harusi ina vijana wanaoning'inia madirishani kama mahali pengine popote. Lakini barobaro anayeshika usukani hapa, kwa sehemu kubwa, yuko kazini.

Bajaji mara nyingi si yake. Ina tajiri wake, na tajiri anataka fedha yake kila jioni. Dar es Salaam fedha hiyo wanaiita hesabu. Kijana akishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho chake, na pengine ndicho cha mama yake na wadogo zake pia. Huu ndio mfumo unaoamua mwendo wa bajaji kuliko hulka ya dereva. Saa za mwanzo wa siku si zake, anamfanyia kazi tajiri. Ikifika magharibi na hesabu haijatimia, kila abiria anayesimama kando ya njia ni nafuu, na kila bajaji nyingine inayomkimbilia ni mshindani. Hapo ndipo abiria wa nne anapopata nafasi mbele, na ndipo kona inapokatwa bila kupunguza mwendo.

Na bajaji haisamehe kona. Ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Ukikata kwa kasi huku umeshika breki, uzito hukimbilia kwenye pembe ambayo haina gurudumu la kuupokea, na chombo hulala ubavu. Mtu aliyekaa pamoja na dereva huuhamisha uzito huo zaidi na kumbana mkono anaouhitaji. Ubavuni hakuna mlango wala mkanda. Baharia angelielewa jambo hili upesi: ni chombo kilichopakiwa omo kupita kiasi, kisha kikageuzwa ghafla.

Hapa pia umri una maana ya kiuchumi. Tajiri humpendelea kijana kwa sababu hana mke wa kumngoja, anakesha, hataki mengi, na haulizi kuhusu breki. Mzee wa miaka 40 angekataa kuondoka na tairi lililokwisha. Kijana wa miaka 16 anajua kwamba nyuma yake wako watano wanaoingojea bajaji hiyohiyo. Kumwambia huyo "endesha kwa uangalifu" ni kumtwika yeye peke yake mzigo ambao tajiri, abiria na mji wameusaidia kuujaza.

Balehe na rushdi

Hata hivyo tusimwondolee kijana lawama zote. Umri wenyewe una hatari zake, na zimepimwa. Sehemu ya ubongo inayozuia pupa na kupima matokeo huendelea kukomaa hadi mtu afike miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana barobaro anaweza kuwa na macho makali na mikono myepesi kuliko baba yake, na bado akaingia kwenye hatari ambayo baba yake angeikwepa kwa kutoingia kabisa.

Ubaya zaidi, hatari hiyo hupanda mbele ya wenzake. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2012 na AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani, uliangalia madereva wa miaka 16 na 17. Akiwa na abiria mmoja wa chini ya miaka 21, bila ya mtu mzima garini, uwezekano wa dereva kufa kwa kila maili uliongezeka kwa asilimia 44. Wakiwa wawili, uliongezeka maradufu. Wakiwa watatu au zaidi, ulifika mara nne. Lakini akipanda mtu wa miaka 35 au zaidi, uwezekano huo ulishuka kwa asilimia 62. Takwimu hizo zinamweleza nahodha aliyekaa ubavuni kwa mwanafunzi wake, ingawa waliozikusanya huenda hawajawahi kupanda jahazi.

Fikihi nayo imelijua jambo hili zamani. Mali ya yatima hairudishwi mikononi mwake kwa sababu tu amebalehe. Mlezi huangalia pia rushdi, ule upevu wa akili ya kutunza na kuamua, na anatakiwa amjaribu kijana kabla ya kumkabidhi. Balehe huonekana usoni. Rushdi hupimwa kwa vitendo, kidogokidogo. Jamii ambayo haimpi kijana wa miaka 15 duka la marehemu baba yake bila ya kumjaribu, inampaje chombo cha kilo mia kadhaa kinachokimbia katikati ya watoto wa chuoni?

Nani anayelipa?

Mtu akigongwa akafa Kismayu, kesi mara nyingi humalizwa na wazee. Xeer, sheria ya mila ya Kisomali, pamoja na sharia, hutaka diya, fidia ya damu, inayoitwa mag kwa Kisomali. Kipimo chake cha jadi kwa roho ya mwanamume ni ngamia 100, na hailipwi na aliyeua peke yake. Ukoo wake huchanga. Mfumo huu una hekima yake. Umeziba visasi mahali ambapo hapakuwa na mahakama, na umewapa wafiwa kitu mkononi kabla ya tanga kuanuliwa.

Lakini kwa upande wa kuzuia una pengo. Gharama ikishatawanywa kwa mamia ya watu, haimfikii tajiri aliyetoa bajaji yenye breki mbovu, wala haimwondoi dereva barabarani. Kesho yake anaweza kuwa kazini. Na pengo la pili linawahusu Wabajuni hasa. Nguvu ya mezani katika xeer hutokana na ukubwa wa ukoo na silaha zake. Wabajuni ni wachache, hawana ukoo mkubwa wa kivita nyuma yao, na hilo limewagharimu ardhi, visiwa na maisha tangu 1991. Mbajuni akigongwa, familia yake huingia kwenye kikao ikiwa nyonge. Kijana wao akigonga, ukoo wa kuchanga ni mdogo. Njia ileile, hatari ileile, lakini bei ya kosa haifanani.

Sharia yenyewe inadai zaidi ya fedha. Anayeua kwa kukosea anadaiwa pia kafara, na asiye na mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Huo ni mzigo wa mtu binafsi, usiochangiwa na ukoo. Ndani yake mna wazo ambalo neno ajali hulificha: kukosea ni kukosea, hata kama hukukusudia, na mwenye mkono kwenye usukani ana la kujibu.

Upande wa pili wa dunia, mahakama imekwenda mbali zaidi. Juni 2023, Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, wasichana watano wa Kisomali wenye umri kati ya miaka 17 na 20, waliokuwa wakijiandaa kwa harusi ya rafiki yao, waliuawa na gari lililotoka barabara kuu kwa kasi ya karibu kilomita 150 kwa saa na kuvuka taa nyekundu. Dereva hakuwa barobaro, alikuwa mtu mzima. Mwaka 2025 alipatikana na hatia ya mauaji na kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 50. Mahakama ile haikulichukulia tukio hilo kuwa bahati mbaya. Hata hivyo, hukumu huja baada ya mazishi. Diya ya Kismayu na jela ya Minnesota zinafanana kwa jambo moja: zote mbili humkuta maiti ameshalala.

Waliojaribu kabla

Kilichopunguza vifo mahali pengine ni mambo yaliyofanywa mapema, na mengine hayahitaji serikali tajiri.

New Zealand ilianzisha leseni ya ngazi mwaka 1987. Mwanafunzi aliendesha na mtu mzima pembeni. Akifaulu, alipewa leseni yenye mipaka, asiendeshe peke yake kati ya saa nne za usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala asibebe abiria bila msimamizi. Leseni kamili ilikuja mwisho. Majimbo ya Marekani yakafuata kuanzia Florida mwaka 1996, na tafiti nyingi huko zimeona ajali za madereva wadogo zikipungua kwa asilimia 20 hadi 40. Ukiifumbua sheria hiyo ukaitandaza juu ya jamvi, utakuta ni upo, demani, mchana, kisha usiku. Waliyoyagundua kwa takwimu ndiyo waliyokuwa wakiyatenda mabaharia wa Koyama.

Oman, nchi yenye Waswahili wengi, ilikuwa na zaidi ya vifo 1,100 vya barabarani mwaka 2012, idadi ya kutisha kwa taifa dogo, na vijana wa kiume walikuwa wengi kati yao. Polisi wakatawanya kamera za mwendo na kukaza adhabu. Kufikia 2016 vifo vilikuwa chini ya 700, huku watu na magari yakiongezeka. Mwendo ndio shina la mengine yote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4.

Kenya nayo ina somo, tamu na chungu. Februari 2004 waziri John Michuki alilazimisha matatu zote ziwe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda. Kwa muda barabara zikatulia. Kisha usimamizi ukalegea, na vidhibiti vikachezewa. Nguvu za soda. Baadaye, ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008, bodaboda zikafurika hadi Faza na Kizingitini, miji ya Wabajuni wa upande wa Kenya, na hospitalini watu wakaanza kuzungumzia "wodi ya bodaboda". Chombo kilifika kabla ya mafunzo, kama kilivyofika Kismayu.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na uwezo wa Kismayu uko Dar es Salaam. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule ambazo watoto walikuwa wakigongwa zaidi, likapima njia wanazopita, kisha likajenga vitu vya kawaida kabisa: matuta, vivuko, njia za miguu, alama, na geti kuhamishwa pale lilipotazama barabara kubwa. Utafiti uliofuata ulionyesha majeraha yakipungua kwa takribani robo, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Tuta halidai hongo, halilali, wala halina ukoo. Linampunguza mwendo mtoto wa tajiri na mtoto wa mvuvi sawasawa.

Kiti ambacho bajaji haina

Tukiyakusanya haya, Kismayu haihitaji kungojea sheria ya Mogadishu ili ianze. Matuta mbele ya shule, vyuo vya Kurani na masoko yanaweza kuwekwa na manispaa pamoja na wafanyabiashara. Wenye bajaji wanaweza kukubaliana juu ya mambo matatu ambayo ni ya bei rahisi: asiyefika miaka 18 asikabidhiwe chombo cha abiria, mgeni wa usukani asifanye kazi baada ya isha kwa miezi sita ya mwanzo, na kiti cha mbele kiwe cha dereva peke yake. Hesabu ya miezi hiyo ikipunguzwa kidogo, kijana hatakuwa na sababu ya kuikimbiza magharibi. Wazee wa xeer, ambao tayari wana mamlaka ambayo polisi hawana, wanaweza kuamua kwamba tajiri aliyempa mtoto bajaji anachangia diya kutoka mfukoni mwake kabla ukoo haujaguswa. Uamuzi wa namna hiyo ukitolewa mara moja tu, utasikika mji mzima kabla ya sala ya magharibi.

Linabaki tatizo moja ambalo mfano wa bahari hauwezi kulitatua moja kwa moja. Jahazi lina tezi, na tezi pana nafasi ya mtu wa pili. Bajaji imeundwa kwa dereva mmoja. Hakuna pa kumweka nahodha. Ukimweka, umerudia kosa la abiria wa nne. Na kosa la baharini humzamisha aliyelifanya pamoja na chombo chake, kwa hiyo bahari hufundisha yenyewe. Barabarani anayekufa mara nyingi ni mwingine: bibi aliyekuwa akivuka na ndoo, mtoto aliyetoka kwenye Noah. Kijana anaweza kukosea mara kumi asijifunze chochote, kwa sababu mara zote kumi hakuumia yeye.

Wazee wa kumfunza kijana, basi, wamo kiti cha nyuma. Ni mama wa kutoka sokoni aliyepakata mtungi wa mafuta, mwalimu, baharia mstaafu anayekwenda hospitalini. Wao ndio walio na miaka zaidi ya 35, na wao ndio wanaonyamaza, kwa sababu wamelipa nauli, kijana ana haraka zake, na kila mtu amezoea. Ila bajaji haina ukuta kati ya abiria na dereva. Sauti ya kawaida inamfikia. Anayeona simu imeinuliwa anaweza kumwambia kijana aiweke, kwamba fedha yake imeingia na ataiona akisimama.

Msomali akitaka dereva apunguze mwendo humwambia tartiib. Mbajuni humwambia taratibu. Ni neno moja lililoingia katika lugha mbili kutoka mlango mmoja, na kila mtu Kismayu analielewa vyovyote litakavyotamkwa. Kwa Kiswahili lina kazi mbili: ni polepole, na ni mpangilio wa kufanya jambo hatua kwa hatua. Bahari ilimpa kijana vyote viwili kabla ya kumpa usukani. Abiria wa jioni hii, bajaji ikikaribia kona ya shule, anaweza kumpa angalau kile cha kwanza.